Kupiga dholi ya Kipunjabi mpaka chaali ikubali: mwongozo kamili kwa anayeanza

Swali linalorudi kila mara ni hili hili: "nimeshika mdundo wote kwenye video, napiga hivohivo, mbona hauchezeki?" Anayeuliza huwa amenunua ngoma nzuri na mikono yake haina shida yoyote, na mpangilio wa mapigo anaujua hata akiamshwa usiku, ila akipiga inatoka kama mtu anagonga misumari.

Jibu fupi ni kwamba mapigo yako yamepangwa kwa umbali sawa, na mdundo wa bangra, ule uchezaji wa Kipunjabi unaokwenda na dholi, haukai hivo. Jibu refu ndio hili hapa, na nitaanzia mbali kidogo maana nusu ya wanaokwama wanakwama kabla hata ya kupiga, ngoma imelegea, mkanda umekaa vibaya, fimbo imeshikwa kama rungu. Historia tunairuka.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Hapa naandika dholi, chaali, daga na tili kwa tahajia yetu, ila ukitafuta video andika dhol, chaal, dagga na tilli ndio utapata kitu. Chaali ndio mdundo wa msingi wa bangra, ule unaousikia kwenye harusi za Kalasinga kuanzia Nairobi mpaka Kisumu, na ule ule unaopigwa Amritsar na Ludhiana, miji ya Punjab huko India, kwenye sherehe ya mavuno ya Vaisakhi katikati ya April.

## Vitu unavyohitaji

Dholi yenyewe. Pipa la mbao lenye ngozi pande mbili, upande mmoja besi na mwingine sauti kali. Nyingi ni za mti wa mwembe, hizo ni nyepesi kiasi, na kuna za mninga-hindi wanaouita sheesham ambazo ni nzito na zina besi nene zaidi. Anayeanza achukue ya mwembe. Mgongo wako utakushukuru, maana hata hiyo nyepesi ni kilo kadhaa zinaning'inia shingoni saa nzima.

Angalia usiuziwe dholaki. Dholaki ni ndogo, inapigwa kwa viganja ukiwa umekaa chini, ni ya nyimbo za kina mama na kwaya za dini. Dholi ni kubwa, inapigwa kwa fimbo, umesimama. Wauzaji wengi mtandaoni wanachanganya majina, na picha isiyo na mtu pembeni haionyeshi ukubwa, kwa hiyo omba vipimo kwa inchi kabla hujatuma hela.

Fimbo mbili ambazo hazifanani. Ya besi inaitwa daga, ni nene karibu kama kidole na mwishoni imepinda. Ya upande mkali inaitwa tili, ni nyembamba sana, ni ufito tu unaonyumbuka. Nunua tili tatu au nne kwa mpigo, zinavunjika. Daga ikitunzwa inakaa miaka.

Mkanda mpana wa kitambaa kizito au ngozi, na kipande cha godoro cha kuweka begani.

Spana ya saizi ya nati zako kama dholi ni ya bolti. Kama ni ya kamba haihitaji spana.

Vizibo vya masikio. Hii sio utani. Dholi imetengenezwa isikike uwanjani bila spika, na wewe umeiweka tumboni ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Vile vya sponji vya bei ya chai vinatosha.

Simu yenye programu ya metronomu, ile inayolia kwa mwendo sawa ili uufuate, na ya kurekodi sauti.

Na jirani mwelewa, au muda wa mchana watu wakiwa kazini.

## Hatua ya 1: Ijue ngoma yako upande kwa upande

Weka dholi chini uiangalie. Upande wa besi ngozi ni nene, ya mbuzi, na kwa ndani imepakwa lami fulani nyeusi ya mafuta na utomvu. Huioni kwa nje ila ndio inayoipa besi ule uzito na ile sauti inayozama. Upande mkali siku hizi mara nyingi ni plastiki ngumu, kwenye ngoma za zamani na za vijijini bado ni ngozi nyembamba.

Onyo kubwa: sisi huku ngoma ikilegea tunaianika juani au tunaiotesha moto. Dholi usithubutu. Ile lami ya ndani inayeyuka, inatiririka upande mmoja, na ikishahama besi inakuwa ya kuhema tu hairudi mpaka ubadilishe ngozi nzima. Hata kuiacha kwenye gari lililofungwa saa saba mchana Mombasa au Dar inatosha kuiharibu. Usiipake mafuta ya nazi wala losheni, kuna watu wanafanya hivo na ngozi inakuwa kama kitambaa kilicholowa.

Ukimaliza kuikagua utajua upande upi ni upi bila kufikiri, na utakuwa umepitisha kidole kando ya ngozi kuona kama kuna ufa. Ufa mdogo kwenye ukingo hautengenezeki, utaongezeka siku utakapokaza.

## Hatua ya 2: Kaza, na usikaze sawa

Kosa la kwanza la kiufundi ni kukaza pande zote mbili kwa nguvu sawa. Dholi inaishi kwa tofauti ya pande zake, besi inabaki imelegea kiasi na upande mkali unakazwa mpaka uogope.

Ya bolti: anza upande mkali. Geuza nati moja robo mzunguko, kisha ruka uende kwenye nati inayoiangalia ng'ambo, robo tena, halafu zile za pembeni kwa mtindo huohuo wa kuvuka. Usizunguke kwa kufuata mstari, ukifanya hivo ngozi inavutwa upande mmoja, pete inakaa mshazari na sauti inakuwa mbili mbili. Ukimaliza mzunguko gonga ngozi kwa ncha ya tili karibu na kila nati, zote zitoe sauti inayofanana. Isiyofanana ndio uiguse peke yake.

Ya kamba: kuna pete za chuma zilizoshika kamba mbili mbili, ukiisogeza pete kuelekea upande fulani kamba zinabanana na ngozi inakaza. Sogeza kidogo kidogo, pete moja kisha ya ng'ambo. Ukikuta pete zote zimefika mwisho na bado ngozi imelegea basi kamba yenyewe imenyooka na inatakiwa ivutwe upya kuanzia mwanzo, hiyo kazi mpe fundi mara ya kwanza ukae pembeni uangalie.

Besi: kaza kidogo tu mpaka mikunjo iishe. Bonyeza katikati kwa dole gumba, ngozi ikubali kuzama kidogo kisha irudi. Ikiwa ngumu kama meza umezidisha, fungua.

Mtu wa pwani atakaza mara nyingi zaidi ya mtu wa Nairobi au Arusha, maana unyevu wa hewa unalegeza ngozi. Na ngoma ikisafirishwa kutoka pwani kwenda bara kwenye ukavu, ilegeze kwanza, la sivyo ngozi inaweza kujivuta ikapasuka yenyewe ikiwa stoo.

Utajuaje imekubali: upande mkali ukigongwa unatoa "ta!" kavu, fupi, kama inauma sikio. Besi inatoa "duum" yenye mkia, na huo mkia unashuka kidogo kabla ya kuisha. Ukisikia "dup" fupi umekaza mno, ukisikia "bwaa" kama karatasi imelegea mno.

## Hatua ya 3: Vaa ngoma vizuri

Mkanda upite begani au shingoni kisha ngoma ilale mbele yako, usawa wa tumbo, ikining'inia karibu mlalo. Viwiko viwe vimepinda bila mabega kupanda juu. Mabega yakipanda ngoma iko juu mno, ukiinama iko chini mno, ni hivyo tu.

Mkono upi ushike daga? Kama una mwalimu fuata wake. Kama huna, simama na fimbo zote mbili upige hewani dakika moja kila namna, chagua inayokuja yenyewe kisha USIBADILISHE. Nimeona watu wanabadilisha kila wiki kwa sababu video mpya inaonyesha tofauti, hao hawafiki popote.

Chunga kiuno. Pumzika kila dakika kumi mwanzoni, vua ngoma kabisa, nyoosha mgongo. Kuna wapigaji vijana wenye migongo ya wazee kwa sababu ya ubishi.

## Hatua ya 4: Shika fimbo kila moja kwa namna yake

Tili inakaa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, vile vidole vitatu vinavyobaki viko nyuma vinaisukuma kwa wepesi. Nguvu inatoka kwenye vidole na kifundo cha mkono, bega halihusiki kabisa. Fimbo ilale karibu sambamba na ngozi ili ikitua ichape, isidunge kwa ncha. Ukiona ngozi ya ngoma yako ina vidoti vidoti unadunga.

Daga unaishika kwa kiganja kizima ila usiikabe. Kile kipinde cha mwisho ndicho kinachotua kwenye ngozi, sehemu ya katikati kuelekea ndani kidogo, sio pembeni. Ikishagonga iache irudi yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoua besi, wanagonga halafu wanaacha fimbo imelala juu ya ngozi, sauti inazibwa, kisha wanalalamika ngoma mbovu.

Jizoeze kila mkono peke yake kwa polepole, daga kumi, tili kumi, daga kumi, mpaka pigo la kwanza na la kumi yafanane sauti. Kama mkono unauma chini ya kiwiko unakaba fimbo, legeza.

## Hatua ya 5: Sauti tatu, basi

Mdundo wa dholi unasemwa kwa mdomo kabla ya kupigwa, na silabi zake za msingi kwa kazi yetu ya leo ni tatu:

- "Na" ni tili peke yake.
- "Ge" ni daga peke yake.
- "Dha" ni zote mbili kwa pamoja.

Dha ndio yenye mtego. Fimbo mbili zinatakiwa zitue kwa wakati mmoja kabisa. Zikipishana hata kidogo utasikia "k-dum" badala ya pigo moja nene. Rekodi Dha ishirini kwa simu, sikiliza bila kuangalia mikono. Ukisikia moja moja safi endelea, ukisikia zimegawanyika rudia, na usiruke hapa maana chaali ina Dha tatu kila mzunguko na ukiziharibu hizo hakuna kinachobaki.

## Hatua ya 6: Sema chaali kwa mdomo, fimbo ziwe mezani

Mdundo mzima ni huu:

Dha Na Na Na — Na Dha Dha Na

Nafasi nane, kisha unarudi mwanzo bila kusimama. Sema ukitembea, ukiosha vyombo, ukisubiri daladala. Uuseme mpaka usijue tena mwisho uko wapi na mwanzo uko wapi, yani iwe inazunguka tu.

Kwanini mdomo kwanza? Kwa sababu mdomo haujui kuwa mgumu. Mikono ikishika fimbo inaleta woga na mwili unakaza, ila ukisema hivi hivi silabi zinakaa mahali pake zenyewe. Ndivyo wanavyofundishwa hata huko Punjab, mwanafunzi anasoma mdundo kwa mdomo mbele ya mwalimu wake kwanza.

Umefaulu ukiweza kusema mizunguko mingi mfululizo huku unapiga kofi kwenye nafasi ya 1, 3, 5 na 7 bila kupotea. Hizo kofi nne ndio miguu ya mchezaji, zikumbuke.

## Hatua ya 7: Ugundue siri ya tili

Sasa angalia tena ule mstari. Kwenye Na kuna tili. Kwenye Dha kuna tili pia. Maana yake ni nini? Tili HAISIMAMI. Inapiga nafasi zote nane, mzunguko baada ya mzunguko, na daga inaingia mara tatu tu: nafasi ya 1, ya 6 na ya 7.

Watu wengi wanajifunza chaali kama orodha ya mapigo nane tofauti, sasa Dha, sasa Na, sasa mkono huu, sasa ule, akili inachoka. Wewe fanya hivi:

Kwanza tili peke yake, nane nane, bila daga kabisa, metronomu ikiwa milio 60 kwa dakika na kila mlio ni mapigo mawili ya tili. Kaa hapo mpaka mkono huo usahaulike, uweze kuongea na mtu huku unapiga.

Kisha ongeza daga kwenye nafasi ya 1 tu. Mizunguko mingi.

Kisha toa hiyo, weka ya 7 tu. Hii ni rahisi, iko juu ya mlio wa metronomu.

Kisha ya 6 na 7 pamoja. Hapa ndipo mambo yanaharibika, kwa sababu ya 6 iko katikati ya milio na mkono unataka kuisubiri ya 7 au kuwahi. Polepole. Ukiharibu punguza metronomu iwe 50, hakuna anayekuangalia.

Mwisho weka zote tatu.

Utajuaje: ukizima masikio kwa tili na kusikiliza daga peke yake usikie "DUM . . . . du-DUM .", na huo "du" ni mlango tu wa kuingilia "DUM" inayofuata. Kama zote tatu zina uzito sawa, punguza nguvu ya ile ya 6.

## Hatua ya 8: Mbembeo, yani hapa ndipo kila mtu anapokwama

Ukifika hapa unapiga chaali sahihi na bado haichezeki. Twende taratibu.

Nafasi nane ni jozi nne: 1-2, 3-4, 5-6, 7-8. Kwenye bangra kila jozi inachechemea. Pigo la kwanza la jozi ni refu, la pili ni fupi na linachelewa, linajibanza kwenye jozi inayofuata. Ukiziweka kwa umbali sawa unapata ule mlio wa kugonga misumari.

Ili uliweke mwilini, gawa kila jozi kwa tatu na uhesabu moja-mbili-tatu, piga kwenye moja, nyamaza kwenye mbili, piga kwenye tatu:

- Jozi ya kwanza: Dha – kimya – Na
- Jozi ya pili: Na – kimya – Na
- Jozi ya tatu: Na – kimya – Dha
- Jozi ya nne: Dha – kimya – Na

Aliyekulia kwenye chakacha Mombasa au Lamu tayari ana hii hesabu ya tatu tatu kwenye kiuno, yeye aanze hapo hapo kwa kiuno mikono itafuata. Aliyezoea ngoma za kwaya au midundo ya kompyuta ndio anapata tabu kwa sababu amezoea nne nne.

Angalia ile Dha ya jozi ya tatu. Inachelewa, inaangukia mlangoni mwa jozi ya nne na mara moja inafuatwa na Dha nyingine. Hiyo "dha-DHA" ya haraka ndio inayomwinua mchezaji wa bangra kutoka chini. Mabega yanapanda hapo. Ukiiwahisha hata kidogo mchezaji ananyanyuka kabla hajashuka na anaonekana kama amejikwaa, kisha watu wanasema hajui kucheza, kumbe ni wewe.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote: weka metronomu 60, vua ngoma, simama, pinda magoti kidogo na ushuke kwenye kila mlio huku unasema chaali. Acha mwili ushuke na kupanda wenyewe. Silabi za pili za kila jozi ziseme mwili ukiwa unapanda. Ukishaona zinakaa, vaa ngoma, endelea kushuka na kupanda vilevile, ndio upige. Ukisimama kama nguzo mbembeo unapotea, sijawahi kuona mpigaji mzuri wa dholi aliyesimama wima kama askari wa gwaride.

Onyo: hesabu ya tatu ni ngazi tu ya kupandia. Wapigaji wenyewe hawakai juu yake kwa rula, kila mmoja anachelewesha kwa kiasi chake, na kadiri mwendo unavyoongezeka mchechemeo unapungua. Ukishaushika mwilini acha kuhesabu. Anayeendelea kuhesabu anasikika anahesabu.

Kipimo: mpigie mtu ambaye hajui lolote kuhusu bangra, mtoto ni mzuri zaidi, usimwambie afanye nini. Mabega au kichwa vikianza kutikisika vyenyewe umefika. Akikuangalia kwa heshima tu, rudi kwenye magoti.

## Hatua ya 9: Panda mwendo bila kupoteza ulichopata

Nyimbo nyingi za bangra zinakaa kama mapigo 90 mpaka 110 kwa dakika. Wewe uko 60. Panda kwa 5 tu, na kila ngazi upige dakika tatu mfululizo bila kukosea ndio uende inayofuata. Sio lazima siku moja.

Mkono wa tili ndio utakaochoka kwanza. Ukianza kuwaka moto usiongeze nguvu, punguza urefu wa pigo, ncha iinuke kidogo tu kutoka kwenye ngozi. Na zile Na za pili za jozi zipige laini sana, karibu kunong'ona, maana ukizipiga zote kwa nguvu kwanza unachoka na pili mdundo unakuwa ukuta mmoja hauna bonde wala mlima.

Ukifika 90 anza kupiga na nyimbo. Chagua za zamani kidogo zenye dholi halisi, nyingi za sasa dholi imetengenezwa na kompyuta ikakaa sawa mno. Kwa kusikiliza tu, sio kuiga, tafuta rekodi za Pappu Sain wa Lahore, Pakistan, aliyekuwa akipiga kwenye kaburi la walii Shah Jamal siku za Alhamisi. Alifariki 2021. Mdundo wake mkuu ni dhamali ya masufi, sio chaali, ila sikiliza namna daga yake inavyopumua, alikuwa anapiga huku anazunguka na ngoma shingoni na mdundo hautetereki. Upande wa Uingereza msikilize Johnny Kalsi na kundi lake la The Dhol Foundation, pale utasikia dholi nyingi zikipigwa kama moja.

## Hatua ya 10: Kukata na kumaliza

Chaali peke yake kwa dakika ishirini inachosha, mchezaji anahitaji ishara ya kubadilisha mtindo, na ishara hiyo inatoka kwako. Huo mkato una namna nyingi, nakupa mmoja wa kuanzia:

Dha Na Dha, Dha Na Dha, Dha Na DHA

Kipande kimoja mara tatu. Hesabu utaona ni mapigo tisa, na mzunguko una nane. Kwa hiyo ukianza kwenye nafasi ya 1, lile la tisa linaangukia kwenye nafasi ya 1 ya mzunguko unaofuata. Hapo unaweza kusimama kabisa, au ile DHA ya mwisho ukaifanya Dha ya kwanza ya chaali mpya ukaendelea kama hakijatokea kitu. Mkato huu upige sawa bila kuchechemea, ile tofauti ndio inayomshtua mchezaji ajue kuna jambo.

Kosa la kawaida ni kusimama baada ya mkato na kujipa pumzi kabla ya kurudi. Pumzi hiyo inamwacha mchezaji mguu juu. Jizoeze hivi: chaali mizunguko mitatu, mkato, chaali mitatu, mkato, metronomu ikiendelea, na lile la tisa lidondoke juu ya mlio kila mara.

Kwenye kundi muangalie kiongozi wa wachezaji usoni, usiangalie fimbo zako. Akiinua mkono, mkato.

## Ukiitwa kwenye shughuli

Uliza kwanza ni shughuli gani. Msafara wa bwana harusi, ndio, dholi ndio mahali pake, na utapiga ukitembea, kwa hiyo fanya mazoezi ya kutembea na ngoma kabla, mguu kwenye kila mlio. Lakini usiku wa nyimbo za kina mama, ule wanaokaa wakiimba na kucheza gidha kwa makofi na mistari ya kujibizana, pale panahitaji dholaki. Ukiingia na dholi unafunika mashairi yote na shangazi wa bibi harusi atakutoa, na atakuwa na haki.

Watu wakianza kuzungusha noti juu ya kichwa cha mchezaji kisha wanakupa wewe, pokea kwa mkono wa yule anayesaidia kubeba vitu, usiache kupiga. Ni kama kutunza kwenye taarab, ila huku hela inamfuata mpiga ngoma.

Beba tili za akiba mfukoni, moja itavunjika. Beba spana. Kaza upande mkali kidogo kabla ya kuanza na uangalie tena baada ya nusu saa, hasa kama ni nje na jioni inaingia na umande.

Ukirudi nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu, ifunike, iweke mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na jiko. Kama hutaigusa kwa wiki kadhaa legeza upande mkali mzunguko mmoja au miwili kwa kila nati. Midundo mingine ya dholi kama jhumari, ludi na dhamali subiri kwanza, ukizichanganya na chaali kabla mbembeo haujakaa utaanza kupiga kitu ambacho hakina jina. Jhumari hasa inakwenda polepole na inadanganya kuwa rahisi, iache mpaka chaali yako ifike 100 bila wewe kuhesabu.